Kusini walifuata nini Kaskazini? Maswali yenu kuhusu vita ya Marekani

Nilipoandika kuhusu vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861 hadi 1865) maswali yalikuja mengi, leo nachukua manne. Kusini ni majimbo yaliyoasi yakajitenga, Kaskazini ni yaliyobaki na serikali ya Marekani, na hapa naongelea jeshi la Kusini lilipovuka kuingia Kaskazini, 1862 na 1863.

Kusini walitaka kujitenga tu, si wangekaa kwao walinde mpaka?
Hata rais wao Jefferson Davis alikuwa anasema hivo hivo, sisi tuacheni tu. Lakini Kaskazini walikuwa na watu milioni 22 hivi, viwanda, reli, na Kusini milioni 9, na humo milioni tatu na nusu ni watumwa. Jenerali Lee wa jeshi la Kusini alishaona kila mwezi ukipita mwenzake anaongezeka nguvu yeye anapungua, kwahiyo akataka awapige kipigo kikubwa hukohuko kwao, wananchi wachoke, uchaguzi wa Bunge wa Novemba 1862 ukifika wambane Lincoln, rais wa Marekani, akae mezani. Na Uingereza na Ufaransa nao wakiona hivo waitambue Kusini kama nchi.

Niliskia walifuata chakula, kweli?
Kweli kabisa, tena watu wanaipuuza sana hii sababu. Virginia, jimbo la Kusini, ilishapiganiwa mpaka mashamba yamekwisha, Lee akasema bora jeshi likale kwa adui, wakulima wetu wapate kuvuna. Septemba 1862 wanavuka mto Potomac kuingia Maryland, jimbo la upande wa Kaskazini, wengi wako pekupeku, njiani wanakula mahindi mabichi na matufaa ambayo hayajaiva, matumbo yanawaendesha, maelfu wakabaki nyuma kabla hata ya kupigana.

Na watu weusi waliokuwa huko Kaskazini?
Asante sana kwa hili swali maana wengi wanaliruka. Juni 1863 waliporudi mara ya pili, safari hii Pennsylvania, waliwakamata watu weusi wakawapeleka Kusini utumwani, na sio waliotoroka tu, hata waliozaliwa hapohapo wakiwa huru. Mama mmoja mzungu wa mji wa Chambersburg aliandika kwenye daftari lake kwamba wanaswagwa barabarani kama ng'ombe, hakuona mwanaume hata mmoja, ni wanawake na watoto watupu. Mtu akikwambia Lee alienda kutafuta amani tu, muulize kuhusu hao watoto.

Walipata walichotaka?
Hapana, na mara ya kwanza iliwageukia vibaya. Amri ya siri ya Lee iliangushwa njiani, askari wa Kaskazini wakaiokota imeviringishiwa sigara tatu, wakajua majeshi yake yamegawanyika, na tarehe 17 Septemba pale Antietam, Maryland, siku moja tu watu kama 23,000 wa pande zote waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Lee akarudi kwao, na siku tano baadae Lincoln akatangaza kwamba kuanzia 1 Januari 1863 watumwa wa majimbo yaliyoasi watakuwa huru, hapo ikawa ngumu kweli kwa Uingereza, iliyokuwa inapinga utumwa, kusimama na Kusini.

Mara ya pili ndo Gettysburg, Pennsylvania, siku tatu, 1 hadi 3 Julai, hasara ya pande zote kama 51,000. Wakaondoka kwenye mvua kubwa, mbele ng'ombe na kondoo waliopora, na majeruhi kwenye mikokoteni isiyo na springi, msururu wa kilomita kama 27, wanalia kila gurudumu likigonga jiwe.