Kebo haisimami, gari linasimamaje?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo, niko Morogoro. Nimesoma kwamba miaka ya 1880 kampuni iliyoitwa Chicago City Railway ilikuwa na magari ya abiria yasiyo na farasi wala injini. Yalivutwa na kebo iliyokuwa ikikimbia chini ya barabara bila kusimama. Hapo ndipo ninapokwama. Kama kebo haisimami, gari lilisimamaje kupakia abiria? Na kebo ikichakaa je? Tena, kama mfumo ulikuwa mzuri, kwa nini uling'olewa baada ya miaka 24 tu?

Jibu: Anza na klachi ya gari, maana hiyo unaijua. Injini inazunguka muda wote, lakini ukikanyaga klachi magurudumu yanaachana nayo, gari linasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Chicago ilikuwa hivyohivyo, ila injini ilikaa ndani ya nyumba ya mitambo kwenye kona ya barabara ya State na mtaa wa 21, klachi ikakaa ndani ya kila gari, na kilichoziunganisha kilikuwa kamba ya chuma yenye urefu wa kilomita kadhaa.

Kamba hiyo ilikuwa na unene wa kama sentimita 3, imesokotwa kwa nyuzi za chuma, na ncha zake mbili zimeungwa ikawa duara lisilo na mwanzo wala mwisho. Ilipita ndani ya mtaro uliochimbwa katikati ya reli mbili, ikibebwa na puli ndogondogo. Juu ya mtaro uliachwa upenyo mwembamba wa kupitisha bamba la chuma. Bamba hilo lilishuka kutoka kwenye gari la mbele, na mwishoni mwake palikuwa na koleo. Dereva alisimama katikati ya gari ameshika mkono mrefu wa chuma. Akiuvuta, taya za koleo zinaibana kebo na gari linaondoka nayo. Akiulegeza, kebo inateleza kati ya taya na kuendelea na safari zake, naye anafunga breki. Nyuma ya gari la koleo yalifungwa matela mawili au matatu ya abiria, na konda akagonga kengele kumjulisha dereva lini asimame na lini aondoke.

Ustadi ulikuwa kwenye kule kubana. Ukiibana kebo kwa ghafla, gari linaruka na abiria wanaangukiana. Dereva mzuri aliikaza kidogokidogo, akaiacha isugue taya kwa sekunde chache hadi mwendo wa gari ulingane na wa kebo. Ndiyo maana taya ziliwekewa vipande vya chuma laini vya kubadilishwa mara kwa mara: heri ziishe hizo kuliko kuimaliza kebo. Fundi yeyote aliyebadilisha sahani za klachi ataelewa hesabu hiyo mara moja.

Kuna jambo moja watu wengi hawalifikirii. Magari yote yaliyoshika kebo moja yalikwenda mwendo mmoja. Ukichelewa kituoni kwa sababu ya mama mwenye mizigo, huwezi kukanyaga mafuta ufidie, kwa kuwa mafuta yenyewe hayapo. Kasi uliyopewa na nyumba ya mitambo ndiyo hiyo. Kwa hiyo kampuni iliweka kebo tofauti kwa sehemu tofauti: ya katikati ya jiji ilikwenda polepole, na ya viungani ikafika kama kilomita 22 kwa saa. Gari lilipofika mpakani, dereva aliachia kebo moja, likaserereka kwa nguvu ya mwendo wake, akadaka nyingine.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mahali ambapo kebo mbili zilikatana, moja ilipaswa kupita chini ya nyingine, na gari lililoshika ile ya chini lilikuwa lazima liiachie kabla ya kufika. Dereva akisahau, koleo lake linakwenda kuigonga kebo ya juu, na njia nzima inasimama. Kwenye kona, kebo ilivutwa na safu ya puli zilizolala ubavu, na baadhi ya kona hazikuruhusu kuachia katikati: ukiachia, unakwama pale hadi usukumwe.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa uzi mmoja wa kebo kukatika na kuchomoza. Uzi huo ukiingia kwenye koleo unajiviringisha humo, na dereva hawezi tena kuachia hata akiulegeza mkono wa chuma. Breki haifui dafu, maana anashindana na injini za mvuke zenye nguvu ya mamia ya farasi. Gari linakwenda tu, likisukuma lolote lililo mbele yake, mpaka mtu awahi kupeleka habari kwenye nyumba ya mitambo na injini zizimwe. Nakuomba ulikumbuke hilo siku utakapokabidhiwa winchi au lifti kuikagua. Uzi mmoja uliochomoza kwenye kamba ya chuma si jambo la kusubiri Jumatatu.

Sasa swali lako la mwisho, la kung'olewa, ambalo naona ndilo zito. Ili kulijibu, tuanze na jingine: kwa nini kampuni yenye akili timamu iliweka fedha kwenye kitu cha namna hii?

Chicago City Railway ilipata kibali cha bunge la jimbo la Illinois Februari 1859, na Aprili mwaka huohuo magari yake ya kwanza, yakivutwa na farasi, yalianza kutembea barabara ya State kutoka Randolph hadi mtaa wa 12. Reli ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli linahitaji nguvu ndogo sana kuliko gurudumu kwenye tope, na Chicago ya wakati ule ilikuwa tope tupu. Ni fizikia ileile iliyowawezesha watu wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, kusukuma kwa mikono vigari vya reli vyenye abiria mjini.

Lakini farasi ni mashine ghali. Anafanya kazi kama saa nne au tano kwa siku, basi. Gari moja la farasi wawili, likitaka kuwa barabarani kutwa, lilihitaji si chini ya farasi wanane zizini, wote wakila hata siku isiyo na abiria, wakikanyagia kwato zao kwenye mawe na kuchakaa baada ya miaka michache. Ongeza wahunzi, matabibu wa mifugo, maghala ya nyasi kavu na milima ya samadi. Mwaka 1872 ukaja ugonjwa wa mafua ya farasi, ulioanzia upande wa Ontario nchini Kanada na kuenea Marekani karibu nzima ndani ya miezi michache. Miji ilisimama. Chicago haikusalimika, nayo ilikuwa bado inajijenga upya baada ya moto mkubwa wa Oktoba 1871. Mkurugenzi wa usafiri aliyepita katika majira yale hakuhitaji kuelezwa na mtu hatari ya kutegemea misuli.

Mwaka uliofuata, 1873, Andrew Smith Hallidie aliendesha gari la kebo kwenye mlima wa Clay Street huko San Francisco. Kila mtu aliona kebo ni ya milima: farasi anashindwa kupanda, basi tumvute kwa kamba. Charles B. Holmes, aliyekuwa akiiongoza Chicago City Railway, alikwenda kuiona mwaka 1880 akarudi na wazo jingine, na hapa namvulia kofia. Chicago ni tambarare kama meza. Holmes alielewa kwamba faida ya kebo haimo kwenye mlima, imo kwenye wingi wa abiria. Gharama ya kuchimba mtaro, kujenga nyumba ya mitambo na kuizungusha kebo inabaki karibu ileile, upitishe magari kumi au mia. Ukiwa na barabara iliyojaa watu kama State, kila gari la ziada linakugharimu kidogo tu. Ukiwa na barabara ya abiria wachache, kebo itakufilisi.

Wapinzani walisema baridi ya Chicago itaushinda mtaro. Ardhi ikiganda inavimba, upenyo unajibana, koleo halipiti. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Jibu lilikuwa kuujenga mtaro kwa uzito ambao San Francisco haikuuhitaji, wenye fremu nzito za chuma na njia za kutoa maji. Njia ilifunguliwa tarehe 28 Januari 1882, katikati ya majira ya baridi, nayo ikafanya kazi. Mfumo wa kebo wa Chicago uliendelea kukua hadi ukabeba abiria wengi kuliko wa jiji lolote lile, na katika maonyesho makubwa ya dunia ya 1893 huko Jackson Park, kebo ya barabara ya Cottage Grove ilikuwa miongoni mwa njia zilizobeba umati ule.

Kilichoiua kebo kilitoka Richmond, Virginia. Mwaka 1888 Frank Sprague alifungua huko mfumo wa magari ya umeme yanayopata nguvu kutoka kwenye waya wa juu, akathibitisha kwamba magari mengi yanaweza kwenda pamoja na kupanda vilima bila kuunguza mota. Linganisha mwenyewe. Kwenye kebo, zaidi ya nusu ya nguvu ya injini iliishia kuisogeza kebo yenyewe na kuzungusha puli, hata kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Waya wa umeme hausogei. Nguvu inapita ndani yake yenyewe imetulia juu ya nguzo. Hakuna mtaro wa kuchimba, na gari linaweza kufidia muda, kurudi nyuma, kupita kona yoyote. Barabara ya abiria wachache, iliyokuwa haiwezi kulipa gharama ya kebo, sasa iliweza kupata usafiri wa mashine.

Utauliza kwa nini basi kebo iliendelea Chicago hadi Oktoba 1906, miaka 18 baada ya Richmond. Jibu lake halimo kwenye kitabu cha mitambo. Kwanza, mtaro ulikwisha kulipiwa na njia zenye msongamano ziliendelea kuingiza fedha. Pili, palikuwa na mgogoro wa vibali. Mwaka 1865 bunge la Illinois lilipitisha sheria ya kuzipa kampuni za reli za Chicago muda wa miaka 99, licha ya gavana kuipinga, na jiji likagombana nazo kwa miongo kadhaa kama sheria hiyo inaligusa au la. Nani angebomoa na kujenga upya barabarani asipojua kama kesho atakuwa na haki ya kuwa hapo? Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi hiyo mwaka 1906, kampuni zikashindwa. Mwaka 1907 yakafikiwa makubaliano mapya na jiji, na wakati huo kebo ilikuwa imeshazimwa. Kampuni yenyewe iliingia mwaka 1914 kwenye muungano wa uendeshaji ulioitwa Chicago Surface Lines.

Kwa hiyo miaka 24 si kipimo cha kushindwa. Kwa mimi ninayeshughulika na mitambo ya reli, ni uwekezaji uliofanya kazi yake kwenye barabara iliyoustahili.

Umeuliza pia juu ya kuchakaa. Kebo ilidumu kwa miezi tu, si miaka, hasa pale penye kona nyingi. Ilikuwa inarefuka pia, kwa joto na kwa kuvutwa, ndiyo sababu ndani ya nyumba ya mitambo kulikuwa na puli kubwa iliyowekwa juu ya rukwama yenye uzito, ikirudi nyuma kadiri kebo inavyolegea. Usiku injini ziliposimama, mafundi walifanya ukaguzi. Palipohitaji kuungwa, hawakufunga fundo, kwa sababu fundo halipiti kwenye koleo. Walifumua ncha mbili, wakazisuka moja ndani ya nyingine kwa urefu wa mita nyingi, hadi mkono ukipita juu yake usihisi tofauti ya unene. San Francisco, ambako kebo bado zinakimbia kilomita 15 kwa saa, kazi hiyo ingali inafanyika, kwenye kamba ya nyuzi sita za chuma zilizozungushiwa moyo wa katani, mmea uleule unaouona mashambani huko Morogoro.