Jibu: kaseti ya LTO-6 kutemwa na draivu ya LTO-8

Ndugu, umeuliza kwa nini draivu ya LTO-8 mliyoletewa hapo Nyamagana inaitema kaseti yenu ya LTO-6 (LTO ni aina ya tepu za kuhifadhi data za kompyuta, na namba ni kizazi chake), na kama draivu na tepu ni kitu kimoja. Si kimoja. Draivu ni mashine yenye kichwa cha kusoma na kuandika. Kaseti ni lile kasha la plastiki, na tepu ni utepe uliomo ndani, upana wa nusu inchi. Sogeza kilango cha kaseti taratibu utaona kipini kidogo cha chuma. Hicho ndicho draivu hukishika ili ivute utepe. Kikiwa kimechomoka, tafadhali usiiingize kabisa.

Draivu yenu ni nzima. Mpaka LTO-7, draivu zilisoma vizazi viwili vya nyuma. LTO-8 inasoma LTO-7 na LTO-8 tu. Azimeni draivu ya LTO-6 au LTO-7, mhamishe data mapema.

Ile 6.25 TB kwenye lebo ni baada ya kubana data. Ujazo halisi ni 2.5 TB, na video hazibaniki zaidi, basi hesabuni hiyo.

Mimi niko Kirumba, unyevu wa ziwa naujua: kaseti zikae wima, ndani ya vifuko vyake, mbali na dirisha.