Bibi Mtafiti Anajibu: "Hiyo ni huduma, si utafiti"

Shikamoo Bibi. Mimi ni mhadhiri wa takwimu. Kwa miaka mitatu wanafunzi wangu wamekuwa wakikisaidia kikundi cha akina mama wenye watoto walemavu kupanga kumbukumbu zao, na nimeandika makala mbili kuhusu kazi hiyo. Kamati ya kupandisha vyeo imenijibu kwamba hiyo ni huduma, si utafiti. Nasikia zipo tuzo za kimataifa za utafiti wa namna hii. Je, nikipata moja wataniamini?
Mhadhiri Niliyekwama

Marahaba, mwanangu. Tuzo zipo. Chama cha kimataifa cha watafiti wa kujifunza kwa kuhudumia jamii, IARSLCE, kilichoundwa mwaka 2005, huwatunuku watafiti waliobobea, wanaochipukia, na hata wenye tasnifu bora. Tangu 2013 kina jarida lake pia. Utasikia vilevile habari za Tuzo ya MacJannet inayotolewa na Mtandao wa Talloires, umoja wa kimataifa wa vyuo vikuu vinavyoshirikiana na jamii. Hiyo huenda kwa programu za vyuo, kwa hiyo usihangaike kuipelekea makala.

Ila kabla hujajaza fomu yoyote, zisome upya makala zako kama mhakiki asiyekujua. Nimehakiki kazi za aina hii kwa miaka mingi, na nyingi zilikuwa pacha: wanafunzi wamejaza dodoso mwanzo wa muhula, wamejaza tena mwishoni, wamesema wamebadilika. Basi. Jamii yenyewe imo kama mandhari tu, mfano wa picha ya ukutani.

Sijitoi. Makala yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Nilimpelekea nakala mama aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi kilichotupokea, nikitarajia pongezi. Akafunua kurasa moja moja hadi mwisho. "Wanafunzi naona wamehojiwa. Sisi tumo wapi?" Nikamwonyesha ukurasa wa shukrani. Akacheka kidogo, kunisitiri. "Hapa tumeshukuriwa. Hatujaulizwa."

Nikarudi kuuliza. Ilinichukua mwaka na nusu, na niliyoyasikia hayakunifurahisha: kila mitihani ilipokaribia wanafunzi wangu waliondoka wakiacha madaftari nusunusu, na katibu wa kikundi akalazimika kuanza upya peke yake. Nilitamani kuificha sehemu hiyo. Ndiyo wahariri waliyoipenda kuliko zote.

Wala si jambo geni. Robert Sigmon, mmoja wa waasisi wa fani hii, aliandika mwaka 1979 kwamba wanaohudumiwa ndio wanaopaswa kushika usukani wa huduma. Kama wao ndio wenye usukani, utafiti usiowauliza safari ilikwendaje una kasoro ya mbinu, si ya adabu tu.

Sasa kamati yako. Wakumbushe kwamba tangu 1990 Ernest Boyer, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alishatetea kuwa usomi si kugundua tu. Ni pia kuunganisha maarifa, kuyatumia na kuyafundisha. Lakini usimtumie Boyer kama ngao. Waandikie ukurasa mmoja: swali gani halikuwa na jibu kabla yako, ulilijibuje, nani alihakiki. Ikiwa makala zako zinasimulia tu mliyoyafanya, basi, unisamehe, kamati haijakuonea. Tuzo huwatisha wanakamati kwa wiki moja, kisha wanadai kuiona mbinu.

Wewe wa takwimu una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Kumbukumbu za akina mama wale ni data. Je, watoto waliokuwa wakikosa miadi ya kliniki wamepungua? Wanafunzi wakiondoka, daftari linaendelea au linalala? Swali lipi wao wenyewe wangependa lijibiwe? Makala ya tatu ianzie hapo, tena kwa ruhusa yao, maana madaftari ni mali yao.

Na kama katibu wao ndiye aliyezipanga takwimu, jina lake likae juu, kwa waandishi. Muulize kwanza. Wangu alikataa katakata. Alisema hataki kuandikiwa barua na wahariri.