Almasi ya prinsesi: angalia pembe na kina kabla hujatoa pesa

Pembe ya jiwe kwenye pete yangu ya ndoa ilimeguka, na sikujua ilimeguka lini. Niligundua jioni nikikunja nguo, uzi wa mtandio uliponasa kwenye almasi. Nikaisogeza kwenye taa nikaona: jiwe la karati 1.01, mkato wa prinsesi, na ncha moja haipo. Nililia usiku ule.

Tumezoea kusikia kwamba hakuna jiwe gumu kama almasi. Ni kweli, lakini ugumu huo maana yake ni kwamba haikwaruziki kirahisi. Kugongwa ni habari nyingine. Ndani ya almasi kuna mielekeo minne ambayo jiwe hupasuka kwa urahisi, na likigongwa vibaya linabanduka. Prinsesi ni mraba wenye pembe nne kali, na mwili wa jiwe ni mwembamba zaidi kwenye hizo pembe. Wala haihitaji kishindo kikubwa. Ukingo wa mlango wa gari au kona ya sinki la jikoni inatosha.

Duka lililoniuzia hapa Dubai lilinijibu kwamba pete ikishatoka dukani ni mzigo wa mnunuzi. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee kule Deira, mtaa wa zamani wa hapa Dubai. Aliiangalia kwa lenzi yake, kisha akanipa na mimi niangalie. Makucha yanayoshika jiwe yalikuwa manne, ya duara, na yalilibana kwenye ubavu karibu na pembe, huku ncha zenyewe zikiwa wazi. Akaniambia prinsesi hushikwa kwa makucha ya umbo la V, yale yanayoikumbatia ncha pande zote mbili. Basi hilo liwe la kwanza kuangalia, hata kabla ya bei: ncha zimefunikwa? Kama hazijafunikwa, mwambie muuzaji abadilishe makucha, au ondoka.

Kisha akaomba cheti changu, akakisoma kimya, akasema jambo lililoniuma kuliko ile pembe. Jiwe lako, alisema, uzito wake umejificha upande wa chini, usikoweza kuuona.

Nilikuwa nimenunua kwa kuamini cheti. Kilikuwa cha GIA, maabara ya Marekani inayoaminiwa duniani kote, na kila kitu juu yake kilikuwa kweli. Nisichokijua ni kwamba kwa almasi ya duara GIA hutoa daraja la ubora wa mkato, lakini kwa prinsesi haitoi. Utaona uzito, rangi, usafi, ung'arishaji na ulinganifu wa pande. Kama mkato wenyewe ni mzuri au mbaya, cheti kimenyamaza. Hata neno prinsesi hulioni. Jiwe limeandikwa "Square Modified Brilliant", yaani mraba. Likiwa refu kidogo, wanaandika "Rectangular". Mkato ndio unaoamua kama jiwe litawaka au litalala, kwa hiyo hapo kazi inabaki kwako wewe.

Lakini vipimo wameviandika, na hapo ndipo pa kushika. Changu kilisomeka 5.30 x 5.25 x 4.35, milimita zote. Gawanya ile namba ya mwisho, ambayo ni kina, kwa upana: 4.35 kwa 5.25 ni karibu asilimia 83. Cheti chenyewe huiandika asilimia hiyo mbele ya neno "depth". Prinsesi nzuri kwa kawaida huwa kati ya asilimia 68 na 75. Langu lilikuwa kama ndoo, limezama ndani ya pete. Nililipia karati nzima, lakini ukiliangalia kwa juu lilikuwa dogo.

Si bahati mbaya kwamba mawe ya kina kirefu ni mengi sokoni. Almasi ghafi nyingi huchimbwa zikiwa na umbo kama piramidi mbili zilizogusana matako. Mkataji akizitenganisha katikati, kila piramidi inatoa mraba mmoja bila kupoteza sana. Ndiyo faida ya prinsesi, mkato ulioingia sokoni kwa nguvu kuanzia miaka ya 1980, na ndiyo sababu kwa karati ileile huwa rahisi kuliko duara. Lakini anayelipwa kwa uzito ana kila sababu ya kuacha tumbo la jiwe liwe nene.

Miaka mitatu baada ya hapo mdogo wangu akaja kutoka Dar kutafuta pete ya uchumba, nikamsindikiza. Safari hii nilikuwa na kikokotoo mkononi. Tulipata jiwe la karati 1.01, uzito uleule kama wa langu, lenye vipimo 5.62 x 5.55 x 3.90. Kina chake ni asilimia 70. Zidisha urefu kwa upana uone: uso wake ni mkubwa kuliko wa langu kwa zaidi ya asilimia 12, na uzito haujaongezeka hata chembe. Angalia pia namba iliyo mbele ya neno "table", upana wa uso bapa wa juu. Mimi huwa naogopa ikipita asilimia 75, kwa sababu taji la jiwe, yaani sehemu yake ya juu, linakuwa bapa na zile cheche za rangi zinapungua. Na kama unataka mraba hasa, gawanya urefu kwa upana. Jibu likizidi 1.05 jicho litaanza kuona mstatili.

Namba zinakusaidia kukataa. Kukubali ni kazi ya macho. Taa za maduka ya vito zimepangwa ili hata kioo kiwake, kwa hiyo omba jiwe lifutwe vizuri, maana almasi hushika mafuta ya vidole upesi, kisha litoe kwenye hizo taa. Sogea dirishani. Ingia kivulini. Lisimamie chini ya taa nyeupe ya kawaida kama ya ofisini. Prinsesi hukuonyesha kama msalaba katikati. Liyumbishe taratibu, na sehemu zilizokuwa giza zinatakiwa ziwake huku zile zilizowaka zikizima. Kama kuna doa jeusi katikati lisilotikisika, hilo jiwe halitabadilika ukifika nyumbani. Na kama jiwe bado halijafungwa kwenye pete, lilaze juu ya kidole chako. Ukiiona ngozi kupitia katikati, mwanga unavuja.

Kuhusu usafi usijitese. Prinsesi imechongwa nyuso ndogo nyingi zinazorudisha mwanga na hivyo huficha dosari vizuri, na mimi nimeona mawe ya SI1, daraja la usafi lenye dosari ndogo, ambayo jicho halioni kitu. Ila soma ule mchoro kwenye cheti uone dosari ziko wapi. Mpasuko, unaoandikwa "feather", ukiwa kwenye pembe, liache hilo jiwe hata kama ni la bei nafuu kiasi gani. Rangi nayo ina tabia ya kujikusanya pembeni. Madaraja yake ni herufi, kuanzia D isiyo na rangi kabisa na kushuka. Kwa platinamu au dhahabu nyeupe ningebaki G au H. Kwa dhahabu ya njano hata I inapendeza.

Niseme pia kuhusu neno karati, kwa sababu limewachanganya wengi ninaowafahamu. Dhahabu ya karati 18 ni habari ya usafi: sehemu 18 za dhahabu kati ya 24. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2. Muuzaji akikwambia pete ya karati 18 yenye almasi ya nusu karati, hizo ni lugha mbili. Na bei zake ni mbili. Dhahabu ina bei ya siku kwa gramu pamoja na ufundi. Almasi haina bei ya siku. Dai uandikiwe jiwe peke yake, dhahabu peke yake, ufundi peke yake, na uulize kama ile kodi ya VAT ya hapa Dubai, asilimia 5, imo. Mama zetu wametufundisha kuweka akiba kwenye bangili, na bangili ukiirudisha sokoni unapata pesa ya maana. Almasi haiko hivyo. Ukiiuza kesho utapata pungufu sana, kwa hiyo nunua kwa pesa ambayo hutaihitaji tena.

Kuna na almasi za maabara. Ni almasi kweli, si kioo, na kile kikalamu cha kupimia cha dukani hakiwezi kuzitofautisha na zilizochimbwa. Mimi sioni aibu yoyote kuzivaa. Aibu ni kuuziwa moja kwa bei ya nyingine. Risiti iandikwe wazi ni ipi.

Jiwe la mdogo wangu halikulipiwa siku ileile. Aliomba karatasi ya masharti ya kurudisha, tukaingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya maabara, vipimo vikalingana. Pete ilipotoka kwa fundi tukaomba lenzi ya kukuza mara 10, tukaisoma ile namba ya cheti iliyochongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake wa katikati, tarakimu moja moja, ili kuwa na hakika kwamba jiwe lililoingia kwenye pete ni lile tulilolichagua. Mkewe sasa huvua pete akipika, na kila wanapokuja Dubai huipitisha kwa mzee wa Deira akague makucha. Yangu naivaa bado. Mzee aliigeuza ile pembe iliyomeguka ikaingia ndani ya kucha la V, na asiyejua hawezi kuiona.