Maswali ya Wasomaji: Viti vya Chombo cha Mwezini Vilikwenda Wapi?

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya chombo kilichowafikisha Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwezini Julai 1969, tukadhani tumemaliza kazi. Kumbe tulikuwa tumechokoza mzinga wa nyuki. Barua zilizotufikia kutoka Arusha na Moshi hazikujali sana habari za mwezi. Ziliuliza habari za chombo chenyewe na vyombo ndugu zake, na karibu kila mwandishi alikuwa na jibu lake mfukoni. Majibu hayo tumeyaacha kama yalivyo, kwa kuwa mengine yanapendeza kuliko ukweli.

Ndugu Mhariri, mimi ni kinyozi hapa Pasua, Moshi. Picha ile niliibandika ukutani, na tangu siku hiyo kazi haiendi kwa ubishi. Mzee mmoja anashikilia kwamba chombo kilifunikwa dhahabu ili Wamarekani wawaoneshe Warusi ukwasi wao. Kijana wa chipsi wa jirani anasema ile ni foili tu. Mteja mwingine, aliyewahi kuwa utingo, amesikia kwamba ndani hamkuwa na viti, naye anaamini viling'olewa ili abiria waongezeke. Na zile fimbo zinazoning'inia miguuni ni za nini? Wengi wetu tunasema ni ndoano.

Mpe heshima yake kijana wa chipsi, kwa sababu ndiye aliyekaribia. Ile si dhahabu, bali ni matabaka ya plastiki nyembamba sana iitwayo Kapton, iliyopakwa alumini upande mmoja. Rangi ya dhahabu ni ya plastiki yenyewe, ambayo kwa asili ina rangi ya asali. Alumini iliyo nyuma yake huifanya ing'ae. Mwezini hakuna hewa ya kusambaza joto, kwa hiyo upande unaopigwa na jua huungua na ule wa kivulini huganda, na dawa ya mambo hayo mawili ni moja: kitu king'aacho kinachorudisha joto lilikotoka. Chupa ya chai iliyopo hapo kibandani kwako inafanya kazi hiyo hiyo kwa kioo chake cha ndani kilichopakwa rangi ya fedha.

Huyo utingo wa zamani ameushika ukweli kwa mkia. Viti kweli viliondolewa, ila abiria walibaki wawili. Chombo kizima kilikuwa na uzito wa takribani tani 15, na zaidi ya theluthi mbili ya uzito huo ilikuwa mafuta, kwa maana kila kilo iliyobebwa ilidai mafuta ya kuisimamisha isijibamize mwezini. Wahandisi wa kampuni ya Grumman, wakiongozwa na Thomas Kelly, walikuwa wamechora viti na madirisha makubwa hapo mwanzo. Kisha wakagundua kwamba viti ndivyo vilivyolazimisha madirisha yawe makubwa, kwa sababu mtu aliyeketi huwa mbali na kioo, na kioo ni kizito. Mtu aliyesimama na pua yake karibu na dirisha huona ardhi yote kupitia tundu dogo la pembetatu. Basi viti vikaondoka na vioo vizito vikapungua, na kwa kuwa mvutano wa mwezi ni kama moja ya sita ya wa dunia, miguu haikuwa na la kulalamika. Yeyote aliyewahi kusimama ndani ya kifodi cha Kijenge saa moja asubuhi anaufahamu vizuri mtindo huu wa safari. Tofauti ni kwamba wanaanga walishikiliwa kwa kamba zilizofungwa sakafuni, ilhali yeye hushikiliwa na abiria wenzake.

Fimbo nazo zilikuwa tatu, kila moja na urefu wa karibu mita 1.7, na kazi yake ilikuwa ile ya fimbo ya mtu anayevuka mto wenye maji ya matope. Ncha ya fimbo yoyote ilipogusa ardhi, taa ya buluu iliwaka ndani ili rubani azime injini kabla haijakaribia ardhi mno. Mkichunguza picha mtaona kwamba mguu wenye ngazi hauna fimbo. Iliondolewa kwa hofu kwamba ingeweza kujikunja kuelekea juu na kumtoboa mavazi mwanaanga anayeshuka, jambo ambalo hata katika kibanda chako, penye mikasi na nyembe, lisingechukuliwa kwa mzaha.

Mhariri, ninaongoza watalii hapa Arusha. Roketi iliyobeba chombo hicho imepakwa madoa meupe na meusi, nami huwaambia wageni wangu njiani kuelekea Ngorongoro kwamba wazo hilo liliibwa kwa pundamilia. Je, ninadanganya? Halafu kuna ile ndege ya anga ya Marekani iliyokuja baadaye, Space Shuttle, yenye tangi kubwa la rangi ya chungwa. Rafiki yangu fundi rangi anadai kwamba rangi nyeupe iliwaishia.

Unadanganya, ila kwa namna ambayo wageni watakusamehe. Mpe mtoto pia iliyopakwa rangi moja aichezeshe, kisha jaribu kusema kama inazunguka au imesimama. Hutaweza mpaka uichore alama. Roketi ya Saturn V ilikuwa na urefu wa karibu mita 110, na kamera zilizokuwa chini zilihitaji kuona kama inajizungusha inapopanda. Madoa yale yalikuwa alama kwenye pia.

Fundi rangi naye mwambie kwamba amekosea sababu tu. Katika safari mbili za mwanzo za ndege hiyo, zote za mwaka 1981, tangi lilipakwa rangi nyeupe. Baadaye likaachwa na rangi yake, ambayo ni ya povu gumu la kuzuia joto lisiyafikie mafuta yenye ubaridi mkali, na kwa kuacha kupaka rangi waliokoa takribani kilo 270. Hayo ni karibu magunia matatu ya mahindi, yaliyokuwa yakipandishwa kuelekea angani kwa ajili ya urembo. Sijapata kusikia fundi rangi yeyote, wa Arusha au wa kwingineko, aliyenyimwa kazi kwa hoja nzito kuliko hiyo.

Mimi nashona makatambuga sokoni. Nimeona picha ya gari lililoko sayari ya Mirihi, na magurudumu yake yana matundu yaliyopangwa. Nasema ni panya wa ghalani waliyatafuna kabla ya safari, wenye mali wakaona aibu kusema.

Ndugu yetu, wewe unajua kuliko wengi kwamba kinachokanyaga ardhi huacha maandishi. Anayevaa kazi ya mikono yako huacha nyuma yake alama ya tairi la gari ambalo hajawahi kulipanda. Gari hilo, Curiosity, lilitua Agosti 2012, na matundu yale ni nukta na vistari vya alama za Morse, yaani lugha ya simu za maandishi za zamani, vinavyosomeka JPL. Hizo ni herufi za kifupi cha maabara ya California iliyolitengeneza, kwa hiyo kila gurudumu linapozunguka hupiga muhuri wa fundi wake mchangani. Ni majivuno, lakini yana kazi: gari hutazama nyayo zake kwa kamera, likapima umbali kati ya muhuri mmoja na mwingine, na kujua kama limesonga mbele kweli au magurudumu yanateleza pale pale.

Kuhusu panya, siwezi kukukatalia kabisa. Mwaka 2013 magurudumu hayo ya alumini yalionekana kuwa na matundu mengine ambayo hakuna aliyeyachora. Mawe makali ya Mirihi ndiyo yaliyoyatafuna.

Kwa nini Warusi hutundika mwanasesere mbele ya wanaanga? Ni hirizi? (Dereva, Kiboriloni)

Huenda kwa wengine ni hirizi pia, kama vile vinavyoning'inia kwenye kioo chako. Ila ana kazi: roketi inaposukuma, uzi wake hukaza, injini ikizimika na chombo kikawa kwenye mzunguko wa dunia, mwanasesere huanza kuelea, na kila mtu hujua kwamba uzito umekwisha bila kusoma kipimo chochote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Moshi. Katika kitabu cha zamani niliona chombo cha Marekani chenye ufa mrefu ubavuni. Nawaza, je, kilirushwa hivyo hivyo?

Shikamoo, Mwalimu. Ufa huo ulipakwa kwa rangi, na kwa makusudi. Chombo hicho cha mwanaanga Gus Grissom kilikuwa na umbo la kengele, naye akakipa jina la Liberty Bell 7 kwa heshima ya kengele mashuhuri ya Philadelphia, ambayo ina ufa wa kweli. Wakaona jina lisingekamilika bila ufa. Tarehe 21 Julai 1961 kiliruka, kikatua baharini salama, kisha mlango wake ukafunguka kabla ya wakati na maji yakaingia. Grissom aliogelea hadi akaokolewa, helikopta ikashindwa kukiinua chombo kilichojaa maji, nacho kikazama katika Atlantiki mpaka kilipoopolewa mwaka 1999. Ufa wa rangi haukuhusika hata kidogo, lakini hebu fikiria utetezi wa aliyeshika brashi siku ile.

Grissom aliporudi angani mwaka 1965, alikiita chombo chake Molly Brown, jina la mama mmoja aliyenusurika Titanic ilipozama. Hicho hakikuzama.