Nani anazoezwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natengeneza programu za kompyuta hapa Dodoma. Katika mwongozo wa vijana wa chuo nimeandika: "Zoezi la kuunganisha fanksheni likikamilika, tunapata bomba lenye usalama wa aina." (Fanksheni ni kipande cha programu kinachopokea kitu na kutoa kingine; "aina" husema kitu hicho ni cha namna gani, mathalani maandishi au namba; na "usalama wa aina" ni kutoruhusu aina hizo zichanganywe.) Mwenzangu ananibishia, anataka "kuambatanisha". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kaona kibanzi, boriti kaipita. Boriti ni hilo "zoezi".

Neno limetokana na kuzoeza: ni jambo unalolirudia mpaka mwili au akili ilizoee. Askari wana mazoezi, mwanafunzi ana zoezi la hesabu. Basi. Lakini katika mji huu wa ofisi hakuna tendo linalotembea peke yake: zoezi la usafi, zoezi la kuhesabu kura na, Mungu atusamehe, zoezi la kuuaga mwili. Anazoezwa nani pale, marehemu? Linalonikera kuliko yote ni "zoezi la uokoaji linaendelea". Unalisikia redioni, roho inakuruka: kuna watu wamefukiwa kweli, au zimamoto wanajipima tu? Mtangazaji hawezi kukwambia, maana neno la kutenganisha mambo hayo mawili ameshalimaliza kwenye kuzibua mitaro. Mwenye ndugu machimboni ajitafutie mwenyewe. "Uokoaji unaendelea" ingempunguzia nini mtu?

Tuje kwenye fanksheni zako, ambazo nazo hazizoezwi chochote. Ugomvi wenu hauna mshindi. "Kuunganisha" na "kuambatanisha" hayasemi nani anatangulia, na hapo ndipo penye kazi. Chukua muuza zabibu. Fanksheni ya kwanza inasoma maandishi "40" na kutoa kilo, ya pili inapokea kilo na kutoa shilingi, ya tatu inapokea shilingi na kutoa maandishi ya risiti. Ukiitanguliza ya pili, itakabidhiwa maandishi badala ya kilo, na kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika, itakataa kabla programu yako haijaanza. Tena lugha ya programu ya Haskell, kwa nukta yake ya kuunganishia fanksheni, huweka inayotangulia upande wa kulia. Alama ya >> katika F#, lugha nyingine ya programu, huiweka kushoto. Mimi nasema "kufuatanisha".

"Bomba" liache, linaeleweka. "Usalama wa aina" sikubali: msomaji atauliza, aina gani ya usalama? Halafu ni kujisifu mno. Kama kilo na shilingi zote umezitangaza kuwa namba tupu, ukairuka fanksheni ya pili, kilo zitaingia kwenye risiti kama fedha na kompaila itanyamaza kimya. Zipe kila moja aina yake, kisha useme kinachotendeka.

Andika hivi: "Tukifuatanisha fanksheni, kompaila hukagua aina kwenye kila kiungo." Na kama mwisho wa sura kuna maswali ya wanafunzi, hayo yaite zoezi, sina ugomvi.