Kiharusi nikiwa na miaka 31: pa kukimbia na pa kungoja

Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Langoni, kisiwani Lamu, baada ya sala ya alfajiri, nashona kofia. Sindano ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, mkono wa kulia haukunifuata. Nikataka kumwita mamangu, ikatoka sauti, lakini haikuwa neno.

Waliokuwapo walinipenda, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Ami yangu alisema ni upepo mbaya. Jirani akaleta mafuta akanikanda. Mwingine akaninywesha maji, nikapaliwa. Hakuna aliyewaza kiharusi, kwani kwetu kiharusi ni maradhi ya wazee, nami nilikuwa na miaka 31. Tulifika hospitali jua limeshapinduka. Picha ya ubongo nilipigwa Mombasa siku ya pili yake, ikaonyesha mshipa wa upande wa kushoto umezibwa na bonge la damu. Upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno pia.

Tangu siku ile nimeingia nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi, hapa mjini na vijijini, na nyingi zimefanya kama tulivyofanya sisi: zimengoja pale pa kukimbia, kisha zikakimbia pale pa kungoja.

Pa kukimbia ni mwanzo. Mwambie acheke, uone kama mdomo umekwenda upande. Ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Aseme jina lake. Likiharibika moja tu kati ya hayo, mtoke. Msimpe chakula, maji wala dawa yoyote, na mkumbuke ilianza saa ngapi, maana daktari atauliza. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili ya kwanza, tena baada ya picha kuonyesha kuwa mshipa haukupasuka. Aliyepasukiwa akipewa dawa hiyo huzidi kuvuja damu. Ndiyo sababu hata aspirini haifai kutolewa kwa kubahatisha.

Najua jiografia yetu. Kuna boti ya Mokowe, kisha barabara ndefu ya Witu na Garsen, au uende Manda ukatafute ndege. Muda huo unaweza kutupita tukiwa bado njiani. Lakini anayewahi huangaliwa presha, sukari na kumeza kwake mapema, na hilo peke yake linaokoa watu. Jueni leo ni nani mwenye boti atakayeitika usiku wa manane.

Presha yangu ilikuwa juu, na sikuwahi kuipima hata siku moja. Ikipimwa zaidi ya mara moja ikarudi 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari hata kama huumwi na kitu. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mna ng'onda na achari. Mimi dawa nameza mpaka leo.

Sasa pa kungoja, na hapa ndipo ningependa mnisikilize zaidi.

Kwa wiki tatu sikuweza kutaja jina la mke wangu. Lakini nikianzishiwa Alhamdu, niliisoma mpaka mwisho. Wako waliodhani najifanya. Baadaye mtaalamu wa usemi alitueleza kuwa yale tuliyoyazoea tangu utotoni, sala, kuhesabu, nyimbo, mara nyingi hubaki hata maneno ya kutunga yakipotea. Basi tukaanzia hapo. Mke wangu alihesabu nami vikombe, akanitajia siku za juma akiiacha moja niijaze mwenyewe. Tulisoma kasida pamoja, kisha yeye akanyamaza katikati ya ubeti.

Kilichonichelewesha ni huruma. Nikihangaika na neno, watu watatu walinimalizia. Siku moja mamangu aliwakatiza, "Mwacheni, anatafuta." Wakanyamaza. Nilikaa nalo muda mrefu, jasho likinitoka, nikasema: maji. Nililia, naye akalia.

Mkono nao ulitaka hivyohivyo. Nilianza kwa kutoa mbaazi kibakulini moja moja, kila siku, mara mia na zaidi. Kifungo cha kanzu kilinichukua dakika kumi, na niliomba nisisaidiwe. Nikaenda kwenye sindano ya magunia, kisha ya kofia. Kofia ya kwanza ilinichukua miezi saba. Ina mishono iliyopinda, na ndiyo ninayovaa Ijumaa.

Jambo moja msilijaribu: kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliolegea. Misuli haishiki tena bega, nalo huchomoka kwa urahisi, na maumivu yake hukaa miezi. Mshike kiunoni. Na akilala mchana kutwa, akilia bila sababu mnayoiona, msimwite mvivu wala mpungufu wa imani. Ubongo uliojeruhiwa huchoka hivyo, na huzuni baada ya kiharusi ina matibabu yake. Mwambieni daktari.

Kila Alhamisi mimi huenda Matondoni kukaa na fundi wa majahazi, kijana kuliko mimi, aliyepatwa mwaka jana. Siendi na dawa. Naenda na kofia ninayoshona, namkalisha mbele yangu, nampa uzi autie sindanoni kwa mkono wake mbovu. Mkewe zamani alikuwa akiinuka kumsaidia. Wiki iliyopita uzi ulimponyoka mara nyingi sana, mkewe akabaki amekaa, mikono mapajani, anamtazama.